Wizi, Uvamizi au Msafara? Lugha ya Mashambulizi ya Mpakani kutoka Sotik hadi Kagera

Utangulizi

Bomet hujulikana zaidi kwa majani chai na maziwa kuliko kwa vita. Hata hivyo, eneo hili lililomegwa kutoka Kericho na kufanywa wilaya mwaka 1992, kisha likawa kaunti chini ya Katiba ya 2010, ni nchi ya mipaka. Magharibi, Sotik inapakana na Borabu ya Wagusii katika Nyamira. Kusini na mashariki, Chepalungu na jirani zake zinapakana na Narok ya Wamaasai. Katika mipaka hiyo watu wamevukiana wakiwa na silaha kwa vizazi vingi. Kila kizazi kimekuwa na majina yake ya kuutaja uvukaji huo, na majina hayo hayafanani.

Makala haya yanachunguza majina hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba tendo moja, yaani kundi lenye silaha kuvuka mpaka, kuua, kuchoma na kurudi na mali, huitwa kwa Kiswahili wizi, uvamizi, msafara, operesheni au ukombozi kutegemea aliyelitenda, na kwamba tofauti hiyo haimo katika tendo lenyewe. Ni suala linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu yeye ndiye atakayetafsiri hati za kale, kusoma taarifa ya habari redioni na kusahihisha insha za historia. Mifano ya kwanza inatoka Sotik na Kipsigis kwa jumla. Baadaye uchunguzi unapanuka hadi mipaka ya mataifa, Kagera na kaskazini mwa Kenya, ambako lugha hiyohiyo ilitumiwa na serikali.

Mpaka na kupakana

Neno mpaka limekaa katika Kiswahili pamoja na kitenzi pakana. Kitenzi hicho kina kiambishi cha kutendana: hakuna anayepakana peke yake. Mtu akisema Bomet inapakana na Narok amekwisha kusema pia kwamba Narok inapakana na Bomet. Usawa huu uliomo katika kitenzi unapotea mara tu mtu anapoanza kusimulia kilichotokea mpakani, kwa kuwa vitenzi vya vita vina mtenda na mtendwa, na msimulizi hulazimika kuchagua nani awe nani.

Kabla ya ukoloni mpaka wa Wakipsigis haukuwa mstari wa ramani. Ulikuwa ukanda wa malisho na misitu uliopanuka au kusinyaa kulingana na nguvu za majirani. Ulinzi wake na mashambulizi yaliyotoka humo yalikuwa kazi ya vikosi vinne vilivyoitwa puriosiek: Kipkaige, Kebeni, Kasanet na Ng'etunyo. Wapiganaji waliitwa murenik, na vita au kikosi kiendacho vitani kiliitwa luget. Wakipsigis walikuwa na neno jingine kabisa la mwizi, yaani chorindet. Kumwibia jirani wa jamii moja ilikuwa aibu na kosa lenye adhabu. Kwenda luget dhidi ya watu wa ng'ambo ilikuwa heshima, na wazee waliweza kuibariki. Hivyo mpaka ndio uliotenganisha maneno hayo mawili. Ng'ombe aliyechukuliwa upande huu wa mpaka aliibwa, na aliyechukuliwa upande ule alitekwa.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kulipenda neno luget na kuona ndani yake ushujaa mtupu. Ifahamike kwamba mwenye ng'ombe, awe Mmaasai au Mgusii, hakuwahi kulitumia neno hilo kwa msiba wake. Wala luget haikuwa na ushindi wa upande mmoja tu. Karibu na mwaka 1890, Wakipsigis walivuka kwenda kuwashambulia Wagusii na wakashindwa vibaya mno katika pigano la mto Mogori, ambalo Wagusii hulikumbuka kwa jina la Saosao. Kumbukumbu moja inazungumzia maangamizi, nyingine inazungumzia ukombozi, na zote mbili ni za siku ileile.

Sotik, 1905

Mabadiliko makubwa ya msamiati yalikuja na utawala wa Kiingereza. Hadi 1902 nchi ya Wakipsigis ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa kalamu hiyo moja Wakipsigis, Wagusii na Wamaasai wote wakawa raia wa mtawala mmoja. Machoni pa mtawala huyo mipaka baina yao haikuwa tena mipaka ya nchi. Ilikuwa ya wilaya, na anayevuka mpaka wa wilaya kuchukua ng'ombe hapigani vita. Anaiba.

Mwaka 1905 Wakipsigis wa Sotik waliwashambulia Wamaasai, wakachukua mifugo na mateka. Serikali ilidai virudishwe. Watu wa Sotik wakakataa. Mwezi Juni mwaka huohuo kikosi cha Keya, yaani King's African Rifles, kikiongozwa na Meja Pope-Hennessy, kiliingia Sotik. Watu wakauawa, na mifugo mingi ikatwaliwa. Madai ya wenyeji yaliyowasilishwa karne hii hutaja takriban watu 1,850 waliouawa. Hati za kikoloni hutoa idadi ndogo sana kuliko hiyo. Katika hati hizo tukio lina jina ambalo watafsiri wamezoea kulileta kwa Kiswahili kama "msafara wa kuadhibu".

Jina hilo linastahili kuchambuliwa kwa makini. Katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa msafara ni kundi la watu walio safarini, wapagazi, wafanyabiashara na mizigo yao, wakitoka pwani kwenda bara. Neno halina damu. Linapoambatanishwa na kuadhibu, linachukua pia dhana ya mzazi au mwalimu: anayeadhibiwa amekosa, na anayeadhibu ana haki. Kwa maneno mawili tu msomaji amepewa hukumu kabla ya kupewa habari. Aghalabu mtafsiri hafanyi hivyo kwa nia mbaya. Amefuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua, na neno la Kiingereza lilikwisha kuchagua upande.

Tukiyaweka matukio mawili ya 1905 pamoja, yaani lile la Sotik dhidi ya Wamaasai na lile la serikali dhidi ya Sotik, muundo wake ni mmoja. Kundi lenye silaha linavuka, linaua, linarudi na ng'ombe. Katika misafara ya aina hii Waingereza walizoea kuwachukua wapiganaji wa Kimaasai kama wasaidizi, na sehemu ya mifugo iliyotekwa ikawa ujira wao. Mmaasai aliyeshiriki alikuwa basi anafanya jambo ambalo baba yake alilifanya pasipo idhini ya mtu, isipokuwa mara hii liliandikwa katika daftari la serikali kwa jina jingine.

Sotik haikuwa peke yake. Kabla mwaka haujaisha majeshi yalikuwa Nandi, ambako Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wa wilaya, Northcote, Wagusii nao walipelekewa askari. Hivyo pande zote mbili za mpaka wa Sotik zilionja msafara katika muda wa miaka mitatu. Baadaye ardhi ya Sotik ikagawiwa walowezi wa Kizungu, na makazi yao yakawa ukanda wa kuwatenga Wakipsigis na Wagusii. Kama ng'ombe waliochukuliwa vitani huitwa ngawira, ni vigumu kuona kwa nini ardhi iliyochukuliwa kwa namna hiyo isiitwe hivyo. Hata hivyo vitabu vingi vya shule huiita makazi.

Luget inageuzwa wizi

Baada ya askari zikaja sheria. Kuanzia 1909 palikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja, iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Ajabu ya sheria hiyo ni kwamba ilikubali kimyakimya kile ambacho neno wizi lilikikana. Mwizi ni mtu binafsi, na kesi yake ni yake. Anayetozwa faini pamoja na ukoo wake, hata kama hakutoka nyumbani kwake usiku ule, anatendewa kama adui katika vita.

Mfano mzito zaidi ni wa ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiik, ambao serikali iliwalaumu kwa kuchochea wizi wa mifugo na kupinga utawala. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahususi ya kuwahamisha, na katika miaka iliyofuata takriban watu 700, wakiwemo wanawake na watoto, waliondolewa nchi ya Kipsigis na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa malale na malaria. Waliruhusiwa kurudi ukoloni ulipokuwa ukingoni. Hakuna lugha ambamo mtoto mchanga anaweza kuwa mwizi wa ng'ombe, lakini sheria iliyoanza na neno hilo ilimfikia.

Vitenzi na kauli zake

Msomi wa sarufi atatambua kwamba upendeleo haumo katika nomino peke yake. Umo zaidi katika vitenzi. Chukua mifano hii, ambayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi:

Vijana wa ng'ambo waliiba ng'ombe.
Askari walikamata ng'ombe.
Wanakijiji walirudisha ng'ombe wao.

Sentensi zote tatu zinaweza kueleza asubuhi tatu zinazofanana: watu wenye silaha wamefika bomani na kuondoka na ng'ombe wasiowakuta nyumbani kwao. Kitenzi iba kinamhukumu mtenda. Kitenzi kamata, kinachotumiwa kwa wahalifu, kinamfanya hata ng'ombe aonekane ana kesi. Kitenzi rudisha kinadai kwamba palikuwa na wizi wa awali, ingawa hakuna aliyeusimulia. Watoaji wa habari hutumia kitenzi cha tatu kwa wale wanaowahurumia, na mara nyingi msikilizaji haulizi ng'ombe hao walitoka wapi kwanza.

Jambo jingine ni kauli. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kumficha mtenda. "Askari waliteketeza nyumba" ina mtenda. "Nyumba ziliteketezwa" imemwondoa, lakini kauli ya kutendwa bado inakiri kwamba yupo, na msomaji anaweza kuuliza: na nani? "Nyumba ziliteketea" imekwenda mbali zaidi. Hapa moto umejitosheleza, kana kwamba paa la nyasi liliamua kuwaka. Hali kadhalika waliuawa na walipoteza maisha. Mtu hupoteza kitu kwa uzembe au bahati mbaya. Ukisoma taarifa za vurugu za mpakani kwa kufuatilia vitenzi tu, utagundua haraka kwamba wafu wa upande mmoja waliuawa na wa upande wa pili walipoteza maisha, na hapo utakuwa umeujua upande wa mwandishi bila yeye kuutaja.

Maneno yenyewe nayo husafiri. Nyara ilikuwa mali iliyotekwa vitani. Leo kuteka nyara ni kumkamata mtu au ndege na kudai fidia, na maana ya vita imefifia. Jangili kwa msomaji wa Tanzania ni mwindaji haramu wa tembo na vifaru. Kwa msikilizaji wa redio nchini Kenya majangili ni wavamizi wenye bunduki wanaoiba mifugo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesoma gazeti la Nairobi anaweza kabisa kushangaa kwa nini majangili wameacha pembe na kuchukua mbuzi.

Serikali zinapovuka

Mpaka wa 1902 haukusahauliwa. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba maeneo makubwa ya magharibi mwa Kenya yalikuwa ya Uganda kihistoria, kwa hoja ya ramani ya kabla ya uhamisho ule. Kericho na Bomet zilikuwa ndani ya dai hilo. Serikali ya Kenyatta ilijibu kwa ukali na Amin akarudi nyuma. Viongozi wa Afrika walikwisha kukubaliana Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na Kenya haikuwa na nia ya kuwa ya kwanza kuijadili upya.

Yaliyotishiwa Kenya yalitendeka Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia eneo la Tanzania lililo kaskazini mwa mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo, lenye takriban kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Dai lilitegemea ukweli kwamba mpaka wa huko haufuati mto. Unafuata mstari wa ramani uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. Kesho yake Nyerere alilihutubia taifa kwa Kiswahili, akieleza kwamba Tanzania ina sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi. Neno nduli, ambalo lilikuwa nadra midomoni mwa watu, likaenea redioni na mitaani kama jina la Amin, na hata leo kwa Watanzania wengi halina mwenyewe mwingine.

Kiisimu, linalovutia zaidi ni kilichofuata. Mashambulizi ya kumfukuza adui Kagera yaliitwa Operesheni Chakaza. Mnamo Januari 1979 majeshi ya Tanzania yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula, kisha mji huo ukabomolewa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Vita vilivyomalizikia mbali sana na mto huo bado vinaitwa kwa Kiswahili cha Tanzania Vita vya Kagera, jina linaloyaweka mapigano yote palepale yalipoanzia, katika ardhi iliyovamiwa. Wanajeshi wa Uganda waliotoka uhamishoni na kupigana upande wa Tanzania walijiita jeshi la ukombozi. Haya hayatajwi ili kusawazisha makosa. Amin alivamia kwanza, na walioteswa Kagera hawahitaji somo la msamiati. Yanatajwa kwa sababu hata vita vyenye sababu njema huchagua jina linalofupisha umbali uliovukwa.

Kaskazini mwa Kenya jina lilifanya kazi tofauti. Kati ya 1963 na 1967 wapiganaji waliotaka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iungane na Somalia walipigana na serikali. Serikali iliwaita shifta, neno la Ethiopia lenye maana ya jambazi. Mgogoro wa mpaka baina ya nchi mbili ukawa, kwa neno moja, tatizo la ujambazi. Lakini ulipotafutiwa suluhu Arusha mwezi Oktoba 1967, mazungumzo yalikuwa baina ya Kenya na Somalia, wala si baina ya polisi na majambazi. Miaka 44 baadaye, Oktoba 2011, Kenya ilipopeleka jeshi ndani ya Somalia dhidi ya Al-Shabaab, operesheni ilipewa jina la Kiswahili, Linda Nchi. Kitenzi linda kinahitaji mtu aliyesimama kwake. Askari walikuwa wamevuka mpaka na kuingia nchi ya watu.

Kurudi Sotik

Baada ya uhuru mpaka wa Sotik na Borabu uliwaka tena, hasa katika ghasia za 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mapema mwaka 2008 Chepilat, soko lililo kwenye mpaka huo, lilikuwa uwanja wa mapigano kati ya vijana wa Kipsigis na wa Kigusii, na nyumba na maduka yalichomwa. Ni sokoni huko ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku ya wauza mahindi, ndizi na maziwa wa pande zote mbili. Neno wavamizi lilipoanza kutumika, lilitumika katika lugha ambayo adui aliifahamu barabara. Mkipsigis na Mgusii hawakuhitaji mkalimani kuitana hivyo, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anamaanisha yeye.

Kwa mwalimu wa Kiswahili katika shule za eneo hili, zoezi linalofaa ni rahisi kutayarisha. Wanafunzi wapewe taarifa moja fupi ya shambulizi la mpakani, ambayo imefutwa majina ya makabila na kuwekewa alama A na B. Waulizwe ni upande gani unaovamia na ni upande gani unaolipiza. Kisha A na B zibadilishane nafasi huku vitenzi vikibaki vilevile, na taarifa isomwe tena kwa sauti. Darasani ambamo mwanafunzi wa Ndanai amekaa karibu na wa Borabu, ukimya wa baada ya usomaji wa pili una mafunzo zaidi ya fasili ya kamusi.

Mjadala wa majina haujabaki darasani. Mwezi Agosti 2022 wawakilishi wa Talai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuhusu ardhi waliyonyang'anywa wakati wa ukoloni katika nchi ambayo leo ni ya mashamba makubwa ya chai. Wazee wanaosimulia yaliyopita husimulia kwa Kipsigis. Vijana wanaowaandikia huandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Mzee akisema luget kuhusu askari wa 1905, kama baadhi yao wanavyoweza kusema kwa haki kabisa, kijana mwenye kalamu ana maneno sita ya kuchagua, na huenda lile analolijua vizuri zaidi ni lile alilolisoma shuleni: msafara.